Mtu wa Mafuta ya Mwangaza Alikuja Kujificha Kwetu

Mtu aliyeunguza uso wa mdogo wangu alikuja kwetu mchana wa jua kali, akapiga magoti pale pale nje, akaniomba nimfiche.

Nikamwambia, "Ingia."

Msinipe sifa. Haikuwa huruma. Nilitaka awe karibu, mahali ambapo mkono wangu unamfikia.

Naitwa Agathe. Ni bibi wa hapa hapa Uvira, mtaa wa Songo. Mjukuu wangu ndiye anaandika kwenye simu. Amenyoosha Kiswahili changu kidogo, ila maneno ya watu nimemkataza kuyagusa. Yabaki vile walivyoyasema.

Ni mambo ya mwaka wa sitini na nne, waasi waliposhuka na kuchukua mji. Lakini ili muelewe kwa nini nilisema "ingia", lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Baada ya Uhuru, vitu viliadimika Uvira. Wazungu wengi walifunga maduka wakavuka. Chumvi shida, sabuni shida. Mafuta ya taa, ambayo sisi tunayaita petroli, unayatafuta kama dawa ya mgonjwa. Na ukiyapata bado unaogopa, maana wajanja walishaanza kuyachezea.

Ndipo akaja Hyacinthe.

Kijana mtanashati, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alitoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ajenti wa kampuni ya petroli, chapa yake Mwangaza. Akajaribu kuuza sokoni, watu wakampita kama hawamuoni. Nani atawasha ndani ya nyumba yake kitu cha mtu asiyemjua?

Jamaa hakuwa mjinga. Aliacha soko, akaenda shuleni.

Shule yetu ilikuwa na klabu ya vijana, Nyota ya Ziwa. Mpira, kwaya, na bendi, fanfari, yenye ngoma moja iliyopasuka. Direkteri wa shule alikuwa Libérat. Huyo, wee! Uvira nzima ilimvulia kofia. Baba yangu alimpenda mpaka kitinda mimba wetu akampa jina lake.

Wakaelewana, Hyacinthe na Direkteri. Kampuni inatoa jezi za njano, mipira, ngoma mpya na tarumbeta. Klabu inatoa watoto.

Hawakulisema hivyo, bila shaka. Walisema "ushirikiano". Direkteri alisimama mbele ya wazazi baada ya misa, mikono nyuma, sauti ile ya klasi.

"Kampuni inainua watoto wetu, na watoto wetu wanainua kampuni. Uhuru ni hii."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Ikawa kila Jumamosi watoto wanavaa njano, wanapita nyumba kwa nyumba na chupa za Mwangaza huku wanaimba. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, nauza ndagala, dagaa wa ziwa, pamoja na mama. Nikiwaona wanapita nilikuwa nacheka kwa furaha.

Sasa niambieni nyinyi. Mtoto wa jirani, unamjua tangu anatambaa, amesimama mlangoni kwako na jezi safi, anatabasamu. Utamuuliza amebeba nini?

Unanunua tu.

Aliyewashinda wote kwa kuuza alikuwa mdogo wangu Ernestine. Alikuwa mzuri, yule mtoto. Mzuri wa kufanya watu wazima wasahau walichokuwa wanasema. Hyacinthe akaleta mpiga picha kutoka Usumbura, wakampiga foto ameshika taa, wakaichapa kwenye karatasi ya kila chupa. Hakuna aliyetuuliza. Wala sisi hatukujua kwamba kuna kitu cha kuulizwa. Mama aliiweka chupa ya kwanza karibu na sanamu ya Bikira Maria.

Kisha ikaja ile jioni.

Ernestine alikuwa anajaza taa, mimi niko nje napara samaki magamba. Nilisikia kishindo kama mtu amepasua ubao. Nilipoingia, nilimuona mdogo wangu amesimama katikati ya nyumba, mikono ameitanua, na kichwa chake kinawaka.

Hakulia. Hiyo ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Alisimama tu.

Nilimfunika na blanketi, nikamlalia.

Juma hilo hilo, taa ya jirani yetu Mama Charlotte ililipuka pia. Yeye alipona. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, hakupona. Na ile chupa Mama Charlotte aliinunua mkononi mwa Ernestine.

Ilikuwa imechanganywa na esansi, ile inayotiwa kwenye motokari. Hata mtoto mdogo anajua esansi haiingii kwenye taa.

Watu wakamfuata Hyacinthe. Akawajibu bila kutoka jasho.

"Kampuni yangu inauza petroli safi. Muulize watoto wenu. Kuna wenye walichanganya ili chupa ziongezeke."

Halafu akavuka ziwa. Hatukumuona tena mpaka waasi walipokuja.

Maneno yake ndiyo yaliyobaki. Nani aliuza chupa nyingi kuliko wote? Ernestine. Nani alimuuzia Mama Charlotte? Ernestine. Hesabu ya watu ikaishia hapo.

Direkteri Libérat alikuja kumuona Ernestine lopitali na machungwa. Jumapili akasimama kanisani, machozi yanamtoka. "Tusimuhukumu Ernestine. Mutoto ni mutoto. Tumusamehe."

Kanisa zima lililia kwa uzuri wa roho yake. Baba alikwenda kumshika mkono. Mimi mwenyewe nilisema yule ni mtu wa Mungu.

Sikulisikia lile neno. Tumsamehe. Lakini si unamsamehe mtu aliyekosa?

Ernestine alitoka lopitali na uso mwingine. Upande wa kushoto ngozi imevutwa, jicho moja halifungi vizuri, sikio limekwisha. Akaanza kujifunika kikwembe, kitenge chake, mpaka machoni. Njiani akina mama wanavuta watoto wao pembeni. Ndagala zetu sokoni hazinunuliwi. Nyumba yetu ikapata jina: kwa mchoma watu.

Na foto yake bado iko kwenye chupa mjini kote. Watu wanatilia mawese, wanatilia chumvi. Unaingia kwa mtu kuomba moto, unakutana na mdogo wangu anakuchekea kwenye chupa, mzima, mzuri.

Nilianza kumchukia Hyacinthe kama kazi. Naamka naye, nalala naye. Ningeweza kuwaambia alivyokuwa anashika sigara yake, alivyokuwa anasafisha viatu kwa kitambaa cheupe. Nilijiambia, siku moja.

Basi siku ikaja.

Waasi walichukua Uvira mwezi wa tano. Wazazi wetu walikuwa Bwegera kwa mavuno ya mpunga, barabara ikafungwa wakabaki huko na wadogo zetu. Nyumbani tukabaki mimi na Ernestine. Mjini wanatafuta kila mtu aliyefanya kazi na wazungu. Akishikwa, ni risasi.

Ndipo nikamuona mlangoni kwangu. Miguu peku, shati limechanika, ndevu za hovyo. Alikuwa amerudi kufanya biashara, vita vikamfungia humu. Yeye hakunijua. Mimi, hata angekuja amevaa ngozi ya chui ningemjua.

"Nisaidie, dada. Wameniambia kwa hii nyumba hakuna muntu anakanyaga."

"Na wamekuambia ju ya nini hawakanyagi?"

"Apana. Wanasema tu iko na mkosi."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kupiga yowe. Mtu amekimbilia kwenye nyumba iliyokimbiwa na watu kwa sababu ya mdomo wake, na anashukuru kwamba ni tupu!

"Ingia," nikamwambia.

Nikamtia kwenye kijumba cha nyuma, kwenye nyavu za baba. Ernestine ndiye alikuwa anampelekea ugali, uso umefunikwa, hasemi neno.

"Aksanti, mama," Hyacinthe alikuwa anamwambia. "Mungu akubariki, mama."

Mama! Msichana wa miaka kumi na sita. Alidhani ni kikongwe, kwa vile anavyoinamisha kichwa na kuburuta miguu.

Jioni ya pili Ernestine, anayeniita Yaya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, aliniuliza, "Yaya, unataka kumufanyia nini?"

"Unamujua ni nani?"

"Nilimujua akiwa bado anakohoa huko nje."

"Kesho nakwenda kwa Direkteri. Atatuma vijana wamuchukue. Watamupiga risasi pale uwanjani, na minye nitakuwa mbele kabisa."

Ernestine aliacha kukoroga mboga. Akaniangalia muda mrefu kwa lile jicho lisilofunga.

"Kwa Direkteri," akasema. Basi.

Nilipaswa kumuuliza. Lakini hasira ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.

Kwa nini kwa Direkteri? Kwa sababu Libérat sasa alikuwa mkubwa. Waasi walipoingia, aliwapokea na ile fanfari ya klabu, wakampa kazi ya kuongoza vijana wa mji. Alikuwa na ofisi, biro kama tunavyosema, na vijana wenye mikuki mlangoni, wengi wao watoto wa Nyota ya Ziwa waliokua. Nilijua atanisikiliza. Alikuwa wa kwetu.

Akanipokea vizuri kweli. "Agathe, binti yangu. Ernestine iko aje?"

"Iko, Direkteri. Nimekuja ju ya Hyacinthe. Yule wa Mwangaza. Nasikia iko mu mji."

Tabasamu lilimtoka usoni kama mtu amelifuta na kitambaa.

Akasimama, akafunga mlango. Nilisubiri aniulize yuko wapi. Mtu yeyote angeuliza yuko wapi.

"Ameongea na nani?"

"Sijue, Direkteri."

"Amekuambia nini ju ya depo ya shule?"

Nilikuwa sijataja depo, ile stoo ya vifaa. Wala shule sikuitaja.

Mdomo wangu, Mungu aupe heri, ulikuwa na akili kuliko mimi.

"Depo gani, Direkteri? Minye sijamuona kwa macho. Ni maneno ya sokoni tu."

Akaketi. Akatabasamu tena, pole pole.

"Ukimuona, usimulete huku. Niambie tu mahali iko. Vijana watamaliza kazi pale pale. Hatuhitaji muntu wa kuongea-ongea."

Nilitoka mle nikitembea kama kawaida. Nilipopita kona ya biro, nikakimbia.

Nilifika nyumbani nikachukua panga, nikaingia kwa Hyacinthe. Alijirudisha nyuma mpaka akanaswa kwenye nyavu kama samaki.

"Weye unajua minye ni nani? Minye ni dada ya Ernestine."

Nilimuona anavyolitafuta lile jina kichwani. Halafu akalipata. Nikaona rangi yake inavyogeuka.

"Depo ya shule ilikuwa na nini?"

"Dada, nakuomba..."

"Ilikuwa na nini!"

Akalia. Mtanashati wetu wa suruali ya kukata. Akasema yote.

Petroli ilipoadimika hata kwa kampuni, yeye aliona aongeze na esansi. Lakini hakuwa na mahali pa kuchanganyia. Direkteri akampa depo ya shule, kwa kuwa nani atatafuta mapipa ya esansi nyuma ya madaftari na chaki? Direkteri ndiye alikuwa na ufunguo. Ndiye aliyewaita wanafunzi wakubwa kukoroga, akawaambia ni dawa ya kuua mbu. Ile pikipiki yake, aliyosema kapewa na parokia, ilitoka hapo.

"Na kusema ni watoto?" nikamuuliza. "Hiyo ilikuwa akili ya nani?"

"Ya kwake. Aliniambia, weye sema halafu uondoke, minye nitawatuliza."

Machungwa. Machozi ya kanisani. Tumsamehe.

"Ni kweli," sauti ikasema nyuma yangu.

Ernestine alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefungua kikwembe. Hyacinthe alimtazama mara moja, akaziba macho kwa mikono yake.

"Ni kweli ju minye nilimuambia Direkteri," Ernestine akasema. "Jumamosi ya mbele ya moto kutokea. Nilisikia harufu. Nikaenda na chupa mpaka kwa biro yake, nikamuambia, Direkteri, hii inanuka motokari. Akaivuta mu pua. Akafunga kifuniko. Akaniambia, weye iko mutoto, uza tu."

Nilimgeukia.

"Na haukusema? Miaka yote hii, Ernestine?"

"Nilisema. Lopitali, wakati wa pansema ya vidonda, nilimuambia baba. Akanipiga kofi upande mwenye haukuungua. Akasema moto umeniharibu akili."

Panga lilinitoka mkononi. Si kwa sababu nilitulia. Nilikuwa nimebeba chuki miaka yote nikiielekeza ng'ambo ya ziwa, kumbe nusu yake ilikuwa inapita kila asubuhi mbele ya nyumba yetu kwa pikipiki.

Sasa shida ni hii. Libérat ana vijana wenye mikuki. Mimi nina panga na samaki. Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa juu yake: Komanda Venant.

Venant alikuwa fundi baiskeli wa Luvungi kabla ya vita. Mtu mfupi, mkavu, hacheki. Watu walimuogopa kwa haki kabisa, nisimfanye mtakatifu hapa. Lakini alikuwa na desturi moja. Kila juma alikusanya watu uwanja wa mpira, na mwenye mashtaka anakuja kusema mbele ya wote, mchana, uso kwa uso. Uchongezi wa pembeni aliuchukia. Ukimnong'onezea, anakuchapa wewe.

Nikamwambia Hyacinthe, "Tutakwenda uwanjani. Utasema vile umesema hapa."

"Wataniua!"

"Ukibaki hapa, nitakuua minye."

Nilikuwa namaanisha. Akaliona hilo.

Siku ya mkutano tulimvisha kikwembe cha mama, tukampitisha katikati yetu kama mgonjwa. Uwanja umefurika. Venant ameketi kwenye kiti cha kanisa, Libérat pembeni yake, amevaa kofia ya kijani, anasoma majina ya washtakiwa kwa ile sauti ya klasi.

Nikanyoosha mkono.

"Komanda, minye ni Agathe wa Songo. Nimeleta muntu."

Nikamvua Hyacinthe kikwembe.

Uwanja ukalipuka. Watu walimkumbuka. Na Libérat alisimama kwa haraka mpaka kiti chake kikaanguka.

"Huyu ni mtumishi wa wakoloni! Apigwe risasi sasa hivi, Komanda. Vijana, mumuchukue!"

Vijana wakasogea. Venant akainua kidole kimoja, wakaganda.

"Direkteri, una haraka ya nini? Wacha aseme."

Hyacinthe akasema. Akasema yote: mapipa, depo, ufunguo, watoto waliokoroga.

Libérat akacheka. Nawaambia, alicheka.

"Ndugu zangu, munanijua. Nimefundisha watoto wenu. Muntu anataka kufa akiniangusha, basi ndiyo mutamuamini?"

Na watu wakaanza kutikisa vichwa. Nikaona tunashindwa. Nikaona kabisa.

Ernestine akapita mbele yangu. Akafungua kikwembe, akakiacha kianguke chini.

Kuna watoto waliolia. Wengi wa wale watu hawakuwa wamemuona tangu moto. Walikuwa wamemuogopa tu.

"Direkteri," akasema. "Nilikuletea chupa. Nilikuambia inanuka motokari. Ulinijibu nini?"

"Mutoto huyu ni mugonjwa, Komanda. Moto ulimuharibu..."

"Mwache Ernestine."

Sauti ilitoka kwenye wanawake. Ni Mama Charlotte. Alikuwa hajalitamka jina la mdogo wangu tangu siku ile, isipokuwa kwa kulilaani. Akapita kati ya watu, lakini hakumwendea Libérat. Alimwendea mke wa Libérat, Mama Louise, aliyekuwa ameketi kivulini na wake za wakubwa.

"Mama Louise. Minye na weye tulibatizwa siku moja. Sina neno na weye. Nakuuliza kitu kimoja. Mwaka ule, kwenu mulikuwa munawasha nini?"

Mama Louise akaangalia chini.

"Petroli gani, Mama Louise? Sisi wote tulinunua Mwangaza kwa watoto. Kwenu mulinunua kwa nani?"

"Louise, nyamaza!" Libérat akapaza sauti.

Na hapo ndipo alipojimaliza. Maana mke wake aliinua kichwa, akamtazama, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Tulinunua duka ya Mugiriki," akasema. "Alitukataza Mwangaza. Aliniambia, isiingie mu nyumba yangu."

Sijui niwaelezeje ile sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama watu wote wamevuta pumzi pamoja na hawataki kuitoa. Wale vijana wa mikuki, watoto wake mwenyewe wa klabu, waliohangaika kukoroga ile sumu wakidhani ni dawa ya mbu, waligeuza nyuso zao kwake mmoja mmoja.

Venant akamvua ile kofia ya kijani kwa mkono wake. Akamgeukia Ernestine.

"Binti, ni uso wako. Sema tuwafanye nini."

Nikamnong'oneza, "Sema wafe. Ernestine, sema wafe."

Ernestine hakunitazama.

"Wavae jezi," akasema. "Wabebe chupa. Wapite nyumba kwa nyumba vile sisi tulipita. Kila mlango waseme ni wao."

Nilimkasirikia, siwafichi. Niliona ameniibia. Lakini nilipowaona wanaanza kutembea, nilielewa kwamba mdogo wangu alikuwa mkali kuliko mimi.

Kijana mmoja wa mikuki alikimbia kuleta jezi kutoka kwenye sanduku la klabu. Jezi za watoto. Wakazivuta mpaka zikaingia, matumbo nje, mikono imebanwa kama ya kuku aliyefungwa. Kila mmoja chupa mkononi, foto ya Ernestine mbele.

Wakapita Uvira nzima, siku kadhaa mfululizo, jua la mchana. Watu nyuma yao, vijana wa mikuki pembeni. Kila mlango wanabisha.

"Ni minye niliyetuma mutoto kwenu na esansi. Mutoto hakujua."

Wengine waliwatemea mate. Mzee mmoja alifunga mlango bila neno, na nadhani hiyo iliwauma zaidi. Mama mmoja aliwamwagia maji ya kuoshea samaki. Kuna nyumba walikofika baba mwenye nyumba akalia, kwa sababu alikuwa amempiga mtoto wake mwaka ule, akimwita mwizi wa esansi.

Mimi niliwafuata mlango kwa mlango. Sikukosa hata mmoja.

Kwa Mama Charlotte walifika wamechoka kabisa. Akawaacha wasimame nje mpaka alipomaliza kufua. Ndipo akatoka, anafuta mikono.

"Mutoto wangu alikuwa anaitwa nani?"

Hyacinthe akamwangalia Libérat. Libérat akaangalia chini.

Hawakujua. Direkteri aliyemzika yule mtoto, aliyesoma sala kaburini, hakujua.

"Placide," Mama Charlotte akasema. "Muite."

"Placide," wakasema.

"Hasikii. Iko mbali. Mumuite."

Wakaita. Kila wakinyamaza anawaambia hasikii. Waliita Placide mpaka sauti ya klasi ikakauka, ikabaki upepo tu unatoka mdomoni. Kisha Mama Charlotte akavuka njia, akaja moja kwa moja mpaka kwa Ernestine, akamshika uso kwa mikono miwili, pale pale palipoungua.

Walisimama tu hivyo.

Jeshi la serikali liliporudi, waasi walitawanyika. Hyacinthe alivuka akapotea, sijui habari zake na sizitafuti. Libérat alikimbilia uwanda wa Ruzizi.

Ernestine alikuwa amemaliza. Alirudi shule, akawa mwalimu, akaolewa na mtu mpole kutoka Kalundu, akazaa. Uso wake aliutembeza wazi mpaka siku anakufa, miaka mitatu iliyopita.

Mimi sikuwa nimemaliza.

Niliposikia Libérat amepata klasi ya kufundisha Bwegera, nilipakia ndagala zangu kwenye lori, nikaenda sokoni Bwegera. Niliuza samaki na niliwaambia akina mama alichokifanya Uvira. Hakumaliza muhula. Akahamia kwingine, nikahamia naye. Niliuza samaki sana uwanda ule, jamani. Wengine waliniambia, Agathe, inatosha. Nikawaambia mimi nauza samaki tu.

Mara ya mwisho ilikuwa Luvungi. Alikuwa ameomba kuanzisha klabu ya vijana kwenye shule moja, na kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa tayari kuwapa jezi. Alinikuta nimepanga beseni langu karibu na lango. Amezeeka, mvi zimemjaa.

"Agathe," akasema, "nakuomba kwa jina ya Mungu. Nina watoto wadogo, mke wa pili. Nitawalisha nini?"

"Wanasoma wapi?"

"Hapa. Kwa hii shule."

"Basi nimekuja ju yao pia," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Hakuingia lango lile. Aligeuka akarudi alikotoka, na chaki hakuishika tena mpaka anazikwa. Sikwenda mazishini. Nilikuwa na samaki wa kukausha.

Mtauliza kama sijutii. Sijutii.

Hii nimeiandikisha kwa sababu mwaka huu makampuni yamekuja tena kwenye shule zetu, na kofia, na mabegi, na mipira. Sisemi wote ni wabaya. Kuna waliotujengea vyoo na hawakumtuma mtoto kuuza hata pipi. Hao nawaheshimu.

Lakini nyinyi walimu, nyinyi makomite ya wazazi, sikieni bibi. Mtoto wa shule akibisha mlangoni, watu hawaulizi, wananunua. Ile imani si ya kampuni. Si ya direkteri. Ni mali ya mtoto peke yake, na hana nyingine. Kabla hamjamvisha jezi ya mtu, fungueni chupa muinuse wenyewe, na mtoto akiwaambia inanuka, mumuamini siku hiyo hiyo.

Na wewe ambaye umeshaweka sahihi yako na kuchukua pikipiki yako, ukidhani watoto hawatakua, nakuambia watakua. Na wana dada zao.